Hawajatimia

"Hana mdomo," alisema Mzee Mlugu huku akinivalisha koti lake mbele ya watu. "Mtu mpole hivi chuoni atafanya nini? Koti nampa, lakini mvua zikianza tu litakuwa limerudi hapa, na yeye ndani yake." Watu waliokuwa uani wakacheka, na mimi nikatazama chini kama nilivyolelewa. Mwinjilisti wetu aliniazima sanduku lake la bati, akaniombea safari njema kwa sala ndefu, halafu baada ya amina akanionya nisilibandike jina langu kwa sababu atalihitaji karibuni. Binamu yangu Nyemo alinipa viatu vyake, akasema nisivizoee. Jirani wa juu alitoa blanketi, jirani wa chini akatoa ndoo, na wote wawili waliulizana, mimi nikiwasikia, kama nitafika Krismasi. Shangazi Sechelela alinipa kibuyu chake cha maziwa, kile kilichokuwa cheusi kwa kufukizwa moshi, chenye mkanda wa ngozi, na hakusema neno. Vitu sita, vya watu sita, na watano kati yao walikuwa na hakika kwamba nisingemaliza muhula. Naanza na hao kwa makusudi. Nataka anayesoma ajue kwamba hapa nilipo sikusukumwa na mtu.

Nilipo ni Area D, Dodoma, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe kuanzia msingi mpaka bati, yenye geti linalofunguka kwa umeme. Sebuleni, juu ya televisheni, nimetundika diploma yangu ya mifugo ndani ya fremu ya kioo, na mgeni yeyote akikaa kwenye kochi lazima aione, maana nililipanga kochi hivyo. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ranchi za Botswana, ambako ng'ombe akilala asiinuke walikuwa wananipigia simu mimi kabla ya daktari, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, nikiendesha gari langu. Ng'ombe ninao, njia ya Kongwa. Mtu asiniulize wangapi. Watu wanasema najisifu. Najisifu ndiyo. Kujisifu nilifundishwa chuoni, na nilifaulu.

Mwezi uliopita niliwaalika watu niliosoma nao. Tulikaa uani chini ya turubai. Mke wangu alipika wali, mbuzi akachomwa, na kwa amri yangu ukasongwa ugali wa uwele na mlenda, kwa sababu sipendi watu waje Dodoma wale vyakula vya Dar es Salaam. Walicheka walipouona mlenda, kisha wakaumaliza mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Hapo ndipo Deo aliposimama na soda yake mkononi. Deo ni mtoto wa afisa elimu, alikulia mjini, na leo ana ofisi yenye zulia. "Jamani," akasema, "huyu Yona mnayemwona na geti lake la umeme, darasani alikuwa mzito! Mkufunzi akimuuliza kitu, yeye anatazama viatu. Lakini alijitahidi bwana. Tumpigie makofi kwa kujitahidi." Makofi yakapigwa. Mke wangu naye akapiga. Nilitabasamu kama mwenyeji anavyopaswa, lakini tangu siku hiyo makofi yale hayajaniisha masikioni. Mtoto wa afisa elimu akijibu, watu wanasema ana akili. Mtoto wa mfugaji akijibu jibu lile lile, wanasema amejitahidi. Nimezunguka nchi tatu, nimezalisha ng'ombe kwa mikono hii, na bado nimeketi nyumbani kwangu napigiwa makofi ya mtu aliyevuka mto kwa bahati.

Basi nieleze huo uzito wangu ulivyokuwa, mwaka wangu wa kwanza chuoni, na msomaji aamue.

Chuo chetu kilikuwa upande wa Kongwa, na jina lake sitalitaja. Chumba cha bweni tulilala wanne, vitanda viwili vya ghorofa, dirisha moja lenye wavu uliotoboka. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, na Jumatano samaki wakavu wa Mtera, ambao wenzangu waliwaita adhabu na mimi niliwala vichwa na vyote, kwa sababu kwetu ni huko huko njia ya Mtera na niliwajua wavuvi wenyewe kwa sura. Jioni wenzangu walilala chali wakijadili nani ni kichwa. Fulani kichwa, fulani si kichwa. Nilisikiliza wiki nzima kabla sijaelewa kwamba kichwa, kwao, ni mtu anayewahi kujibu. Nilishangaa sana. Kwetu anayejibu kabla mkubwa hajamaliza kuvuta pumzi ndiye mjinga, na wazazi wake wanaonewa huruma. Kwetu akili ilipimwa kwa kutumwa. Shangazi Sechelela alikuwa ananituma mpaka Mtera kwa jamaa zetu nikiwa na ujumbe wa maneno mengi, wa ugomvi wa mashamba na posa na madawa ya mifugo, na nikirudi siku ya pili nilimrudishia majibu yote, ya kila mtu kwa mpangilio wake, bila kupunguza wala kuongeza. "Huyu ana akili," alikuwa akiwaambia watu. "Anatumika." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu duniani, na nilikwenda nayo chuoni nikidhani wataiona.

Wiki ya tatu Bwana Lameck, mkufunzi wetu, alininyooshea chaki. "Wewe, Yona. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi?" Nilisimama. Nikamtazama viatu, kwa heshima. Nilijiuliza mtu mzima huyu ana shida gani. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alilichora tumbo hilo ubaoni kwa chaki za rangi. Kwetu mtu anayeuliza kitu anachokijua ama anakudhihaki ama anakutega, na katika yote mawili jibu ni kunyamaza. Nikanyamaza.

"Hujui?"

"Najua, mkufunzi."

"Basi sema."

"Lakini na wewe unajua."

Darasa zima lililipuka kwa kicheko. Bwana Lameck akanitoa nje kwa utovu wa nidhamu, na nikiwa mlangoni nikamsikia Deo akipaza sauti, "Vinne!" na mkufunzi akisema, "Safi sana, Deo." Sasa nawaambia, huyo Deo, tulipopelekwa machinjioni muhula wa pili, alinivuta shati akaninong'oneza, "Yona, ndugu yangu, tumbo lenyewe ni lipi hapo?" Mimi nimeosha matumbo ya ng'ombe tangu mikono yangu ilipoanza kushika kitu. Lakini safi sana alikuwa Deo.

Mchana wa siku ile ile nilikuwa nasuuza sahani yangu nje, chini ya dirisha la jiko, nikawasikia wakubwa wakila ndani. "Hawa wa hapa hapa ndio shida," alisema Bwana Lameck mdomo umejaa. "Wapole, lakini wazito. Yule Yona ama ni mzito ama ana kiburi." Mpishi, mama mmoja mnene aliyekuwa akinipa ukoko kila siku na ambaye nilimhesabu kama mama yangu, akamjibu, "Labda vyote viwili, mkufunzi." Wakacheka. Niliisuuza ile sahani mpaka nikaogopa itatoboka.

Kisha ukaja mtihani wa vitendo. Ilikuwa asubuhi, mawingu yameanza kujikusanya baada ya miezi ya jua tupu. Tulisimama kando ya lango la zizi la chuo, karatasi mkononi, na ng'ombe wakafunguliwa watoke mbele yetu. Swali la kwanza lilikuwa kundi lina ng'ombe wangapi.

Lazima niseme jambo hapa, maana wasomi wa mjini huwa wanalicheka. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Kumnyooshea kidole mmoja, wawili, watatu, ni kama kumwita fisi aje achague. Mifugo ikirudi jioni, mwenye boma anasimama langoni anawatazama wakiingia, na swali analoulizwa ni moja tu: wametimia? Anajibu wametimia, au hawajatimia. Akisema hawajatimia, hapo hapo anakutajia asiyekuwepo, rangi yake, pembe zake, na mama yake. Wanaodhani hilo ni jambo la watu wasiojua namba wajaribu wenyewe.

"Deo?" aliita Bwana Lameck.

"Thelathini na tisa, mkufunzi!"

"Safi. Yona?"

Nilikuwa nimewatazama wote wakipita. "Hawajatimia, mkufunzi."

"Nimekuuliza wangapi."

"Hawajatimia. Mtamba mwekundu hayupo, yule mwenye mimba, pembe ya kushoto imeshuka."

Alinitazama kama mtu anayetazama gari lililozimika katikati ya barabara. "Yona, hili ni swali la darasa la kwanza. Wangapi?" Nilijaribu. Nawaambia kweli nilijaribu, lakini mkono ulikataa kunyooka na ng'ombe walikuwa wameshachanganyika kwenye vumbi. Akaandika sifuri, na pembeni yake akaandika: hawezi kuhesabu. Wenzangu wote waliandika thelathini na tisa. Wengi walimwiga Deo, na Deo alikuwa ameisoma namba hiyo kwenye ubao wa ofisi ya mifugo asubuhi ile, kabla ng'ombe hawajafunguliwa.

Jioni mtunza stoo akawahesabu kwa ajili ya daftari la chuo, akapata thelathini na nane.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Alikuwepo mkuu wa chuo, Bwana Lameck, na mlinzi wa getini aliyesimama nyuma yangu kana kwamba nitaruka dirishani. Nje ya mlango, kofia mkononi, alisimama Mzee Chedego, mchungaji wa chuo, mtu wa kwetu aliyewachunga ng'ombe wale tangu chuo kikiwa na jengo moja.

"Umejuaje kwamba ng'ombe hayupo," mkuu akauliza, "wakati wenzako thelathini hawakujua?"

"Nilimtafuta kwa macho, shikamoo mkuu, sikumwona."

"Marahaba. Kati ya ng'ombe wote wale?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unawajua wote, mmoja mmoja?"

"Ndiyo, mkuu."

"Na kwa nini unawajua? Una mpango gani nao?"

Jana nilikuwa mzito nisiyejua kuhesabu, leo nimekuwa mjanja wa kupanga wizi wa mifugo, na katikati ya siku hizo mbili sikuwa nimefanya kitu chochote zaidi ya kutazama. Mkuu akasema mtamba apatikane kabla ya saa sita ya kesho, la sivyo nifunge virago na polisi wataarifiwa. Nilipotoka, tone la kwanza la mvua likanipiga usoni. Nikamkumbuka Mzee Mlugu na koti lake. Mvua zikianza tu, alisema. Yule mzee hata mawingu alikuwa amekubaliana nayo.

Nikamfuata Mzee Chedego mpaka kwenye kibanda chake nyuma ya zizi. Tulikuwa tunajuana, kila asubuhi alinitilia maziwa kwenye kibuyu cha Shangazi, nacho kilikaa kwake kwenye msumari.

"Mbukwa, mzee," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mbukwa."

"Ulijua kwamba mtamba hayupo?"

"Tangu juzi jioni."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza. Waliniuliza ufunguo wa zizi uko wapi, nikawaambia." Akatema mate pembeni. "Ile ni mimba yake ya kwanza. Amekwenda kuzaa mahali pasipo na kelele. Hata mimi ningekwenda."

Kulipopambazuka tukaingia porini, mvua inanyesha, viatu vya Nyemo vinazama kwenye tope jekundu. Mzee hakutafuta nyayo, maana zilikuwa zimeoshwa. Alijiuliza tu kwa sauti kama vile yeye ndiye mtamba: wapi kuna kivuli, wapi kuna majani mororo, wapi fisi hapiti. Saa tatu hivi tukamkuta kwenye kichaka cha miiba kando ya korongo, amesimama anatutazama kwa hasira, na ndama wake amelala anatetemeka. Nilivua koti la Mzee Mlugu nikamfunika ndama, nikambeba begani, na mtamba akatufuata akilia njia nzima. Kabla ya saa sita nilisimama mbele ya ofisi, nimelowa, ninanuka damu ya uzazi, nina ndama begani.

Mkuu wa chuo akatoka barazani. "Bahati yako," akasema, akarudi ndani.

Nikamuuliza Bwana Lameck kuhusu alama zangu. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Akasema alama haziwezi kubadilishwa kwa sababu swali lilikuwa wangapi, na mimi sikusema wangapi. Nikamwambia jibu la thelathini na tisa halikuwa kweli, ng'ombe mmoja hakuwepo. Akasema kwenye daftari walikuwepo. Deo akabaki na alama kumi kwa ng'ombe ambaye hakumwona, na mimi nikabaki na sifuri kwa ng'ombe niliyembebea mtoto wake.

Ile siku nilikata shauri. Nikasema kama akili hapa ni kelele, watapata kelele. Nikaanza kunyoosha mkono kabla swali halijaisha. Nikaanza kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayajua, kama wanavyofanya wao. Nikajifunza kusema mimi: mimi naona, mimi ninavyofahamu, mimi kwa uzoefu wangu. Kwetu mtu mzima hutajwa na wengine, hajitaji. Wiki za kwanza neno hilo lilinikwama mdomoni kama mfupa wa samaki. Nikajifunza kuhesabu ng'ombe kwa kidole, macho nimefumba nusu, mmoja, wawili, watatu, na hakuna fisi aliyekuja. Kabla ya Pasaka Bwana Lameck aliliambia darasa, "Mmemwona Yona? Ameamka." Sikuwa nimeamka, nilikuwa macho tangu mwanzo. Nilikuwa nimeanza tu kupiga kelele. Mwisho wa mwaka nilishika nafasi ya tatu chuo kizima. Deo alikuwa wa kumi na moja, na karatasi ya matokeo ninayo, nikihitajiwa naitoa.

Nikarudi nyumbani Juni, ule upepo wa baridi ukivuma, nikiwa na kila kitu cha watu. Kwenye stendi ya mabasi niliihesabu mizigo yangu kwa kidole, kwa sauti, kama msomi: koti, sanduku, blanketi, viatu, ndoo, chupa ya chai. Sita. Nilianza kwa Mzee Mlugu. Nilisimama katikati ya ua wake nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, ulisema nitarudi mvua zikianza. Mvua zimekuja, zimekwisha, na mimi nimekuwa wa tatu!" Alilichukua koti, akalinusa kwapani. "Linanuka ndama," akasema. "Na mimi nilisema utarudi. Si umerudi?" Mwinjilisti aligeuza sanduku akitafuta jina langu. Nyemo aliingiza mguu kwenye kiatu, akatembea hatua mbili, akasema, "Umevizoea." Majirani walipokea vyao wakaniuliza kama huko chuoni tunafundishwa kukaa kimya. Hakuna hata mmoja aliyesema alikosea. Mpaka leo hakuna aliyesema.

Mwisho nilifika kwa Shangazi Sechelela, nikamkabidhi chupa ya chai, mpya, yenye maua mekundu, niliyomnunulia sokoni Kongwa. Alikuwa anapepeta uwele. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza mwaka mzima: mtihani, mtamba, mkuu wa chuo, nafasi ya tatu. Nilisema mimi mara nyingi sana. Alisikiliza akinitazama mdomo, si macho, kama mtu anayetazama kidonda kinachopona vibaya. Nilipomaliza akauliza, "Vya watu vimetimia?"

"Vimetimia, Shangazi. Vitu sita, nimevihesabu mwenyewe." Nikamnyooshea vidole kimoja kimoja: koti, sanduku, blanketi, viatu, ndoo, chupa ya chai.

Akaitazama chupa. "Hii nilikuazima mimi?"

Mtu wa tatu chuo kizima, na sikuwa na mdomo. Kibuyu chake kilikuwa Kongwa, kwenye msumari wa Mzee Chedego, na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake na hesabu iliyokamilika.

"Mtu niliyekuwa namtuma Mtera," akasema, "hakuwahi kusahau kitu." Akaendelea kupepeta.

Kesho yake alfajiri nilipanda basi la Dodoma, nikabadilisha, nikafika Kongwa jioni. Mzee Chedego alikuwa ameshakifukiza kibuyu upya, amekifunga mkanda, amekiweka mlangoni. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakunikumbusha siku naondoka, na alinisindikiza mpaka barabarani. "Hukuniuliza," akasema. "Na ulikuwa unahesabu."

Siku iliyofuata, jua likiwa bado juu ya vilima, nilimkuta Shangazi langoni mwa boma akiwatazama ng'ombe wakiingia. Nilimpa kibuyu kwa mikono miwili. Alikifungua, akanusa ndani, akakining'iniza begani, kisha akaendelea kutazama mpaka wa mwisho akapita na miti ya lango ikarudishwa. Hapo ndipo aliponigeukia mimi, akanitazama kuanzia miguuni.

"Wametimia," akasema.

Nilikuwa na swali. Nilitaka kujua kama alikuwa anawasema ng'ombe, au wale watu sita walioniazima vitu, au na mimi nilikuwemo. Mkono ulikuwa umeshaanza kunyanyuka wenyewe, kama darasani. Nikaurudisha chini, nikatazama viatu vyangu, nikamfuata ndani.